Mbuzi wa Jama Ukutani kwa Khadro

"Nerima, umeniozesha!"

Ndilo neno tuliloachana nalo wiki jana, shuka likiwa bado linateleza ukutani na Nerima amesimama mdomo wazi, kamera shingoni. Wewe uliyefungia maandazi gazeti la Jumapili iliyopita kabla hujalisoma, sogea nikumegee kidogo. Lakini upesi, maana leo hatukai chini.

Nerima ni mpiga picha wa Huruma, binti wa Kibukusu, hodari wa harusi, kwaya na paspoti. Khadro ni mjane wa Kisomali mwenye kampuni ya nyirinyiri pale Kiamaiko. Unaijua nyirinyiri? Nyama inayokatwa vipande vidogo, ikaanikwa, ikakaangwa kwa samli mpaka ikakaa miezi bila kuoza. Basi Khadro alitaka nyirinyiri yake itoke sokoni iingie supamaketi. Nerima akamwambia utamu pekee hautoshi, kampuni lazima iwe na sura yake.

Wakapatana hivi: picha zikimridhisha mnunuzi wa supamaketi, Bwana Muturi, Nerima atakuwa mpiga picha wa kampuni, kazi ya kudumu. Zisipomridhisha, arudi Huruma kwenye kibanda chake, aendelee kuwaambia watu wainue kidevu. Na Bwana Muturi anakuja leo hii, baada ya adhuhuri.

Haya. Turudi ukutani.

Picha ilikuwa imefunika ukuta mzima wa ghala. Dume jeupe la mbuzi, jina lake Chifu, kichwa juu, ndevu zimepeperuka, nyuma yake mwanga wa alfajiri unaingia mlangoni. Kando yake chombo cha nyirinyiri kimevishwa kitambaa cha rangi ya chungwa, rangi ya kampuni, na kufungwa kamba kwa mafundo ya kupendeza. Na mgongoni mwa Chifu, alama pana ya bluu iliyokoza.

"Nimekuozesha kwa nani tena, Mama?" Nerima akauliza.

"Muulize mbuzi!"

Khadro akajitupia mtandio begani, akaingia ofisini na kuubamiza mlango. Bati la juu likatetemeka.

Nerima alidhani hapo watu watacheka. Hawakucheka. Habibo, muuza maziwa ya ngamia, aliweka mtungi wake chini, akatazama ukuta, akatazama mlango uliofungwa, halafu akapiga vigelegele vya kuamsha mtaa. Wanawake wengine wakadakia. Wachuuzi wa mbuzi wakaanza kupeana mikono. Mtu akawarushia mbuzi njugu, na mbuzi hawakuuliza njugu ni za nini.

"Maze Nerima!" Luseno akaita kutoka juu ya ngazi. Luseno ni jirani yake wa Huruma, fundi wa kubandika matangazo, na ndiye aliyekuwa amevuta lile shuka. "Hawa wasee wanashangilia nini? Form ni gani?"

"Hata mimi sijui!"

Habibo akamshika Nerima mashavu yote mawili. "Mwanangu, Mungu akubariki. Hata wazee walishindwa na hii kazi."

"Kazi gani, Mama Habibo?"

"Hiyo bluu ni ya nani?"

"Si ya mtu. Ni rangi tu. Nilimkuta mbuzi nayo, nikaona imependeza."

Habibo akamtazama kwa huruma, vile mtu anamtazama mgeni aliyenawa mikono kwenye sufuria ya mchuzi. "Rangi tu! Msichana, hapa kila mchuuzi anapaka mbuzi wake rangi yake. Nyekundu ni ya fulani, kijani ni ya fulani. Hata asiyejua alifu anajua bluu ni ya Jama. Sasa mbuzi wa Jama amesimama nyumbani kwa Khadro. Na pembeni yake umeweka nini?"

"Chombo cha nyirinyiri. Si ndiyo bidhaa yenyewe?"

"Kimevishwa nguo! Kimefungwa kamba! Kwetu hicho ni chombo cha harusi. Nyumba ya bibi harusi inakijaza nyirinyiri, inakivisha kama bibi mwenyewe, inakifunga mafundo, kinapelekwa kwa watu wa bwana. Wao ndio wa kufungua. Mbuzi wa Jama, chombo cha Khadro, picha moja, ukuta mrefu hivi." Akapiga kigelegele kingine kidogo, cha kumalizia. "Hata kadi ya mwaliko hatuhitaji."

Uuuwi! Nerima akaugeukia ukuta tena. Akakumbuka siku ya kupiga picha. Alikuwa ameenda zizini kumkodi mbuzi mwenye sura, akampenda Chifu pale pale. Keynan, mpwa wa Jama, akamuuliza kama aioshe ile bluu kwanza. Na yeye Nerima, kwa ubingwa wake wote, akajibu: "Acha hapo hapo. Bluu na rangi ya chungwa zinapendana."

Zinapendana! Alisema hivyo kwa mdomo wake.

Sasa, msomaji wangu, hebu tumtazame huyo Jama, maana ndiye huyo anakuja, watu wanampisha. Mgane, ndevu amezitia hina, kofia imekaa upande. Miaka nenda miaka rudi amekuwa akituma watu kwa Khadro kupeleka posa, na mara ya mwisho Khadro alitoka nje akajibu mbele ya soko zima: "Mdomo huu hautamwambia Jama ndiyo, hata siku moja!" Soko lilisikia. Mbuzi walisikia. Na Khadro si mwanamke wa kulamba matapishi yake.

Jama akasimama mbele ya ukuta. Akaisoma picha kutoka pembe hadi kwato. Akavua kofia.

"Wallahi," akasema polepole. "Nimesubiri salamu moja tu mlangoni, na leo nimejibiwa kwa ukuta mzima."

"Mzee Jama," Nerima akajikaza, "ngoja kidogo, hii ni biashara tu, ni chapa ya kampuni..."

"Chapa ndiyo hiyo mgongoni, binti yangu! Yangu!" Akageuka, machozi na kicheko vimechanganyika, akaita kwa sauti ya mnada: "Keynan! Mpwa wangu! Nenda kalete dume aliye bora kuliko wote! Leo watu watakula!"

"Sawa, Mjomba!" Keynan akajibu kutoka nyuma ya umati, na mara hiyo akapotea vichochoroni.

Soko likalipuka kwa shangwe. Nerima naye akalipuka, lakini kwa ndani.

Maana fikiria mwenyewe. Angekuwa amekosea picha moja, angeificha. Lakini Nerima hakuwa amepiga picha moja akaondoka. Wiki nzima alikuwa akimhubiria Khadro kwamba picha za kampuni lazima ziwe watoto wa mama mmoja: mwanga ule ule wa alfajiri, meza ile ile, kitambaa kile kile, mbuzi yule yule. "Mama," alimwambia, "wengine wanachukua picha ya nyama mtandaoni, imepigwa Ulaya, sahani nyeupe na majani ambayo huku hatuli. Mteja anaona, anasahau. Yetu ianze hapa Kiamaiko. Mtu aione kwa mbali, kabla hajasoma jina, ajue ni ya nani. Picha iseme kabla ya mdomo."

Na Khadro alikuwa amelipenda hilo neno la mwisho. Alilirudia kimya kimya, mara mbili.

Basi mahubiri yakazaa matunda, na yote yametolewa hadharani leo asubuhi, pamoja na ukuta. Chifu alikuwa kwenye pakiti. Chifu alikuwa kwenye mlango wa pikapu. Chifu alikuwa kwenye aproni za wafanyakazi na kwenye ukurasa wa kampuni ambao mtaa mzima unaufuata. Ukigeuka huku, bluu. Ukigeuka kule, bluu. Kampuni ilikuwa na sura moja kweli kweli, na sura hiyo ilikuwa ya harusi.

"Luseno! Shuka!"

"Nishuke ama nijirushe?"

"Muturi anakaribia kufika. Akute harusi hapa, akimuuliza Mama na Mama akane mbele yake, hiyo rafu ya supamaketi hatuioni tena. Na mimi nimekwisha."

Luseno akajikuna kisogo. "Sikia. Si shida ni hiyo bluu? Niko na rangi nyeupe kwa mkebe. Mbuzi mwenyewe ni mweupe. Napitisha brashi hapo mgongoni, chap chap, bluu imeisha, harusi imeisha. Pakiti utazirekebisha kwa kompyuta."

Nerima akautazama mlango wa ofisi. Bado umefungwa. Ndani, Khadro kimya. Mtu aliyeaibishwa hukaa kimya hivyo, Nerima akawaza, na aibu hii nimemletea mimi.

"Paka," akasema.

Hapo ndipo alipoharibu.

Luseno akapanda na mkebe. Brashi ya kwanza ikapita, nusu ya bluu ikafunikwa. Vigelegele vikakatika kama redio iliyoishiwa na betri. Brashi ya pili ikapita.

"Anafuta!" mtu akapiga kelele. "Khadro anamfuta Jama!"

"Posa haijapoa, talaka tayari?"

"Mbele ya watu! Tena ukutani!"

Jama alikuwa bado ameishika kofia yake mkononi. Akaivaa. Haikukaa upande tena, ilikaa katikati, kofia ya mtu anayetoka matangani. Akaenda akaketi kwenye ukingo wa hori la kunyweshea mbuzi. Nerima alitamani ardhi ipasuke.

Na wachuuzi? Wachuuzi ni watu wa umoja. Mmoja akafungua zizi lake lililokuwa limepakana na ghala la Khadro, akaanza kuwatoa mbuzi. Wa pili akafuata.

"Mnaenda wapi?" Nerima akawakimbilia.

"Tunaondoa mali. Nyumba inayomdhalilisha mwenzetu hadharani haitapata mbuzi kwetu. Atengeneze nyirinyiri ya sukumawiki."

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi, ndugu msomaji: asubuhi Nerima alikuwa na picha nzuri na kampuni yenye nyama. Sasa hakuna picha, na nyama inaondoka kwa miguu yake minne. Luseno juu ya ngazi, brashi inadondosha matone meupe, anauliza aendelee ama aache.

Mlango wa ofisi ukafunguka.

Khadro akatoka. Akatazama ukuta, bluu imebaki nusu. Akamtazama Jama pale horini. Halafu akamgeukia Nerima, na macho yake, ee bwana, yangechemsha chai.

"Nani amekutuma ufute?"

"Mama, si ulisema nimekuozesha?"

"Nilisema umeniozesha. Nilisema unitaliki?"

Luseno juu kule akashindwa, akacheka, mkebe ukamponyoka, rangi nyeupe ikamwagikia wanaume wawili waliokuwa wakisema Khadro hana adabu. Nusu ya soko ikaona hukumu imepita.

"Mama, sielewi," Nerima akanong'ona. "Unaitaka hiyo bluu ama huitaki?"

Khadro akakaza midomo. Watu wote wakasogea kusikiliza.

Honi ikalia.

Gari la kijivu lilikuwa limekwama katikati ya mbuzi wanaohamishwa. Mlango ukafunguka, akashuka bwana mmoja mwenye miwani na viatu vilivyong'arishwa kwa ajili ya mahali pengine kabisa. Bwana Muturi. Mkononi ameshika pakiti ya nyirinyiri ya Khadro, ile ya sampuli.

"Karibu, Bwana Muturi," Nerima akasema kwa sauti iliyotoka nyembamba. "Samahani kwa hii... hii shughuli."

Muturi akasogea ukutani. Alikuwa akitazama pakiti. Kisha ukuta. Kisha pakiti tena.

"Hapa ana bluu," akasema. "Pale hana. Ama ana nusu. Mbona mnafuta?"

"Tulikuwa tunaboresha..."

"Dada, nikuambie kitu. Mezani kwangu nina nyirinyiri za kampuni nyingine tatu. Zote zina picha moja, ile ile. Sahani nyeupe na jani la kijani. Wameinunua mtandaoni, hawajui wenzao pia wameinunua! Nikizipanga kwa rafu, hata mimi siwezi kuzitofautisha. Nimekuja huku Kiamaiko, na hivi viatu, kwa sababu ya huyu mbuzi. Ana alama. Nilimwona mara moja, nikamkumbuka hadi nyumbani. Mtoto wangu ameanza kumchora." Akainua pakiti juu. "Sasa kampuni ambayo haijui sura yake yenyewe, mteja ataijuaje?"

Lo! Hayo si ndiyo mahubiri ya Nerima mwenyewe? Yamezunguka mtaa yakamrudia, na yamevaa miwani.

"Nataka mambo mawili tu," Muturi akaendelea. "Kwanza, hiyo bluu irudi, sasa hivi, vile ilivyokuwa. Pili, Jumamosi tunafungua duka jipya. Mbuzi huyo huyo aje, mzima, asimame mlangoni, wateja wapige naye picha. Mkiweza, rafu ni yenu, na huyu dada apige picha zenu zote. Mkishindwa, basi. Nitaenda na sahani nyeupe."

Moyo wa Nerima ukaruka kamba. Rangi ya bluu ilikuwepo, Luseno anayo. Akamwashiria apande. Luseno akachovya brashi.

"Shuka hapo!" wachuuzi wakanguruma kwa pamoja.

Habibo akaeleza: alama ya mtu haipakwi na mkono mwingine. Ukipaka bluu ya Jama bila Jama, wewe ni mwizi wa mbuzi, hata kama mbuzi ni wa karatasi.

Basi Nerima akaenda horini. Akachutama mbele ya Jama.

"Mzee wangu, nimekukosea. Nilifuta kwa woga wangu mwenyewe, Mama hakunituma. Naomba upande ngazi, urudishe alama yako."

Jama akapangusa ndevu. "Binti, mimi si mtoto. Kurudisha bluu pale ni kusema tena kwamba nyumba hizi mbili ni moja. Nimeshasema peke yangu miaka mingi. Sipandi ngazi mpaka yeye aseme ndiyo. Neno moja. Watu wote hapa wasikie."

Macho yote yakaelekea kwa Khadro.

Khadro akanyoosha mgongo. Midomo ikafunguka, ikafungwa. Nerima aliona mikono yake ikiukunja mtandio na kuukunjua, na akaelewa kwamba huyu mama anayeogopwa na soko zima alikuwa anaogopa. Aliapa mbele ya watu. Mdomo ule hautasema ndiyo. Akisema, atachekwa mpaka kaburini. Asiposema, rafu imekwenda, mbuzi wamekwenda, na Jama naye amekwenda.

Muturi akatazama saa.

Na hapo, wapenzi wasomaji, katikati ya jua na vumbi na mbuzi kumi hivi wanaokula ukindu wa kapu la Habibo, Nerima akakumbuka kitu kidogo.

Chombo kilikuwa kizito.

Siku ya picha, Khadro mwenyewe ndiye aliyekileta. Nerima alikuwa ameomba bakuli. Khadro akasema, "Bakuli ni la kila mtu, tumia hiki." Kilikuwa tayari kimevishwa, tayari kimefungwa mafundo. Nerima alipokiinua kukisogeza kwenye mwanga alisikia mgongo ukilia, akajiuliza kwa nini mtu ajaze chombo ambacho kitapigwa picha kikiwa kimefungwa. Hakuna atakayeona ndani. Kiwe tupu, si ni sawa tu?

Halafu akakumbuka la pili. Khadro ndiye aliyeidhinisha picha. Aliketi mbele ya kompyuta, akaitazama muda mrefu, akasema, "Hii." Mwanamke aliyezaliwa sokoni, anayemjua mbuzi wa fulani akiwa ng'ambo ya barabara! Aione bluu ya Jama kubwa hivyo, asiijue?

Ai! Nerima akageuka, akamtazama Khadro. Khadro akaangalia pembeni, haraka mno.

"Luseno!" Nerima akaita, na sauti yake safari hii ilitoka nene. "Nisaidie kubeba kitu!"

Wakaingia ghalani, wakatoka wanatweta, wamekibeba kile chombo chenyewe, cha kwenye picha, na nguo yake ya rangi ya chungwa. Wakakiweka chini mbele ya hori.

"Mzee Jama," Nerima akasema, watu wote wasikie, "Mama aliapa, na mimi sitaki avunje kiapo kwa ajili ya picha zangu. Usimuulize mdomo. Fungua hiki."

Wachuuzi wakavua kofia. Hata Muturi akavua miwani, ingawa hakujua anavulia nini.

Jama akapiga magoti. Vidole vyake vikubwa vya kukamata mbuzi vikaanza fundo la kwanza. Likakataa. Akalizungusha, akalivuta huku na kule. "Ukikata kamba ni aibu!" wanawake wakamchokoza. "Jaribu na meno!" mwingine akasema. Jasho likamtiririka kwenye hina. Fundo la kwanza likaachia. La pili likaachia. Khadro hakuwa akitazama, lakini kila fundo lilipoachia, bega lake lilishuka kidogo.

Nguo ikafunguka. Kifuniko kikainuliwa.

Chombo kilijaa hadi ukingoni. Nyirinyiri laini, nyeusi, inang'aa kwa samli, na harufu ya iliki ikaenea soko zima ikawashinda mbuzi wote. Kila mwanamke pale alijua kazi iliyomo. Kukata vile, kukaanga vile, kuvisha vile, si kazi ya kupigia tangazo. Mtu hufanya vile kwa ajili ya nyumba anayotaka kuingia.

Jama akainua uso. "Khadro?"

Khadro akavuta mtandio mbele. Nyuma yake sauti ikatoka, kavu, lakini Nerima alisikia kicheko kikiwa kimekaliwa chini yake.

"Mimi mdomo wangu haujasema kitu," akasema. "Picha imesema."

Mwee! Uliwahi kusikia Kiamaiko ikipiga kelele kwa pamoja? Mbuzi walikimbia. Habibo alipiga vigelegele mpaka akakohoa. Jama alinyakua brashi ya Luseno, akapanda ngazi mbio, kikoi kimekunjwa magotini, akaipaka bluu yake mgongoni mwa Chifu, pana, nene, pana kuliko ya kwanza. Wachuuzi wakaanza kuwarudisha mbuzi zizini kana kwamba waliwatoa kupunga hewa tu.

Muturi alikuwa akipiga makofi. "Hii mmepanga? Hii yote ni uzinduzi? Dada, wewe ni hatari!"

Nerima akataka kueleza, akaona maelezo yatakuwa marefu. "Tunajaribu," akasema.

Khadro akaja, akasimama karibu naye, bega kwa bega, wote wawili wanatazama ukuta.

"Mama, ungeniambia mapema. Nimekaribia kufa leo."

"Ningekuambia, ungefanya uso wa mtu anayejua. Watu wa hapa wanasoma nyuso." Khadro akamfinya mkono, kwa mapenzi, lakini aliufinya. "Kuanzia leo wewe ni macho ya kampuni. Mpaka uchoke. Na harusi utapiga wewe."

Jamani, Nerima alilia. Alilia huku anacheka, huku anapangusa lenzi kwa ncha ya blauzi, kitu ambacho anawakataza watu wote wasifanye. Kwaheri paspoti! Kwaheri inua kidevu!

"Haya, twendeni, wote ukutani!" akapaza sauti. "Mama katikati, Mzee Jama hapa, Bwana Muturi pembeni na pakiti yako. Luseno, toka kwa ngazi. Picha ya kwanza ya kazi yangu! Mleteni Chifu asimame mbele!"

Watu wakajipanga. Wakasubiri. Chifu hakuja.

"Chifu yuko wapi?" Nerima akauliza.

Wachuuzi wakatazamana. Zizi la Jama lilikuwa wazi.

"Mjomba!" sauti ikaita kwa furaha kutoka kichochoro cha kichinjioni. Alikuwa Keynan, mikono ya shati amekunja, uso unang'aa. Hakuwa amejua lolote la kufuta wala la kurudisha. "Yote tayari, Mjomba. Moto umekolea, sufuria nimeazima. Nimewaachia wamalizie, nimekuja kuwaita!"

Jama akasogea mbele polepole. "Keynan. Umechukua dume gani?"

"Si ulisema aliye bora kuliko wote?" Keynan akacheka. "Soko hili lote, nani asiyemjua?"

Begani mwake ilikuwa imening'inia kamba tupu. Na kwenye kamba, fundo lake halijafunguliwa bado, kilikuwa kitambaa kidogo cha rangi ya chungwa ambacho Nerima alikifunga shingoni mwa Chifu kwa mkono wake mwenyewe, alfajiri ya picha.

Tabasamu la Muturi likaganda. "Yule... yule wa Jumamosi?"

Nyuma ya ukuta, kichinjioni, mbuzi mmoja akalia. Mara moja tu, halafu kimya.

Nerima akamtupia Muturi kamera na kukimbilia huko.